Mtani Aliyekuja na Pingu

Mjukuu wangu Zawadi,

Shikamoo yako imefika, marahaba, mwanangu. Hapa Kwihara hatujambo, ila bibi yako ananung'unika kwamba siku hizi barua zako ni fupi kama risiti.

Unauliza kama ni kweli nilifuatwa na polisi kwa ajili ya sinema. Ni kweli. Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu, nikaazima mjini mkanda wa sinema ya kilimo cha tumbaku kwa wiki moja. Nikakaa nao miezi miwili. Ndani yake baba yangu, aliyefariki mwaka ule ugenini, alipita na jembe begani, akacheka, basi. Kila Jumapili mchana tuliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi ili mama amwone tena.

Polisi aliyekuja alikuwa Mzaramo. "Mnyamwezi, nimekuja kukukamata." Nikacheka, maana Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara. Akatoa pingu.

Mama akamwambia, "Mtani, kaa kwanza umwone marehemu."

Nikawasha projekta ya shule. Baba alipotokea ukutani, polisi alisimama, akavua kofia. "Shikamoo, mzee! Kumbe Mnyamwezi hata akifa analima?"

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akaufunga mkanda kwenye kanga yake mwenyewe, akampa.

"Chukua, mtani. Tulikuwa tunakungoja uje utuanulie matanga."

Kanga ile hajairudisha mpaka leo, na hakuna aliyemshtaki.

Babu yako,
Kasanda