Pasi Fupi za Baba

Tuckett, Texas
Jumapili, baada ya kanisa

Kaka yangu Emmett,

Salamu nyingi zikufikie huko baharini kwenye mitambo ya mafuta. Natumaini u mzima, na kwamba mpishi wenu ameacha kuwalisha maharage kila siku. Sisi hatujambo, ila upepo umeezua tena bati la zizi. Mama anakusalimu. Baba naye hajambo, au ndivyo anavyomjibu kila anayemuuliza.

Najua umeshasikia kwamba wiki mbili zilizopita timu yetu ya shule ilitolewa kwenye mashindano. Acha nikueleze ilivyokuwa, maana mjini utasikia mengine.

Tangu Septemba baba alifuta pasi zote ndefu. Mchezo wetu ukawa wa haraka na wa karibu: nikipokea mpira, mwenzangu wa kuudaka anachomoka hatua chache, anakata ndani au anageuka, nami namrushia kwa mkono kabla yale majitu ya upande wa pili hayajanifikia. Tulishinda, tena sana, lakini watu hawakuridhika. Si unawajua, wanataka mpira upae mpaka kofia ziwadondoke. Mzee Odell wa duka la mbegu alimuuliza baba mbele ya watu, "Kocha, mnacheza mpira au mnapitishiana chumvi mezani?" Baba akamjibu, "Chumvi ndiyo inayokufanya umalize sahani, Odell." Wote wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nina mkono wa kurusha mbali na nilitaka uonekane. Nikamwambia mama jikoni kwamba baba amekuwa mwoga.

Mama aliweka kisu chini. Akaniambia macho ya baba yanakufa. Daktari wa Lubbock amesema hayatibiki, na mwakani hataona kitu. Hata sasa, mpira ukienda mbali kidogo unamezwa na ukungu. "Huyo unayemwita mwoga," mama akasema, "anataka akuone ukicheza mwaka wako wa mwisho. Basi." Akaniapisha nisimwambie baba kuwa najua. Kaka, nilitoka nikalia nyuma ya trekta kama mtoto mdogo.

Ndipo nikaelewa kwa nini siku hizi mama ndiye anayeendesha gari, na kwa nini baba hutazama picha za mechi pua ikigusa kioo cha televisheni.

Sasa ile Ijumaa. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, muda umebaki wa kurusha mara moja tu, na mstari wa mwisho, ambao lazima tuuvuke ili tushinde, uko mbali. Baba akaniita, akanishika kofia ngumu ya mchezo kwa mikono miwili, akasema, "Mrushie Dale, mwanangu. Mbali kabisa." Kisha nikamwona akitega sikio kuelekea kule Dale atakakokimbilia. Alikuwa anajiandaa kusikiliza.

Nisilomwambia mtu nakuambia wewe. Dale alikuwa peke yake. Nilimwona vizuri, na mkono wangu ulikuwa unamfikia. Nikageuka nikampa Teo pasi fupi, ukingoni mwa uwanja, pale miguuni pa baba. Teo akadaka, akaangushwa hapo hapo, muda ukaisha. Na baba akapiga makofi, Emmett. Alipiga makofi huku anacheka, kabla hajakumbuka kwamba tumeshindwa.

Dale alilia mpaka akatapika. Wenzangu hawanisemeshi, na haki wanayo. Moyo unaniuma kwa ajili yao, lakini sijui kama ningerudishiwa mpira ule ningeurusha kwingine.

Nyumbani baba aliniuliza kulikoni. Nikadanganya kwamba bega liliniuma. Basi tangu siku ile kila jioni ananikalisha kitini ananichua kwa dawa ya farasi, bega lisilouma hata kidogo, akipapasa kwa vidole kutafuta panapouma. Ananiomba msamaha kwamba alinichosha. Mimi nafumba macho, nasema hapo, baba, hapo hapo.

Mama anakungoja Krismasi, na njugu za pai ameshazimenya. Njoo, hata wakikukata mshahara. Ukifika usimpungie baba mkono kutoka getini kama ulivyozoea. Atatabasamu tu kwa adabu bila kujua ni nani. Njoo mpaka umguse.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Wade