Neno la Asubuhi la Kaka Justin

Mlola, Jumatatu jioni

Kwako kaka Justin,

Shikamoo kaka. Hiyo naitanguliza kwa sababu mama alitulea hivyo. Mengine utayakuta huko mbele.

U hali gani na masomo yako ya uinjilisti? Joto la Tanga halijakuyeyusha? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu, ila baridi ya mwaka huu haina adabu, ukungu unaingia mpaka jikoni bila hodi. Kifua cha mama kimetulia. Ng'ombe kazaa jike. Viazi vya bondeni vimeungua na baridi karibu nusu. Na mimi mdogo wako ni mzima kupita kiasi. Bado nashusha kabichi na karoti Lushoto kwa pikipiki, na kwenye zile kona hajazaliwa wa kunipita, hata hao waliomaliza kidato cha nne. Mimi niliishia cha pili, lakini kona haiulizi cheti.

Utashangaa kupata barua kama watu wa zamani. Ningekupigia, ila namba yangu umeifungia, na sababu unaijua. Simu ya mama nayo siwezi kuitumia kusema haya, haibanduki kwake. Basi nimempa Yusufu, utingo wa fuso ya kabichi, akukabidhi mkononi. Nimemkataza asipokee hata soda yako, asije akakupenda bure kama wengine.

Neno lako la asubuhi unalowatumia watu kwenye simu linatufikia, kaka. Kila alfajiri kabla ya kukamua, mama anaiweka simu mezani juu ya Biblia, anaongeza sauti mpaka mwisho, nawe unaanza. Siku hizi unavuta maneno kama askofu aliyeshiba. Ukisema Bwana asifiwe, mama anaijibu simu, halafu anaiamkia kwa Kishambaa, onga makeo mwanangu, utadhani umekaa pale kwenye kigoda. Ukimaliza inafuata sala, na ule utaratibu aliotuachia marehemu baba, kwamba kila mtu ataje kosa lake la jana kwa kinywa chake kabla ya kugusa uji. Unakumbuka mimi nilikuwa natubu kufukuza kuku wa jirani. Wewe ulikuwa unatubu mawazo ya kiburi. Mama anakusifu wewe, mimi nanyimwa sukari.

Sasa habari yenyewe. Yudith wa Kwai, yule wa sauti ya kwanza katika kwaya uliyokuwa ukiifundisha, amejifungua mtoto wa kiume. Wazee wa kanisa walikuwa wamemtenga na meza ya Bwana tangu tumbo lilipoonekana. Walimwita na kumwita tena wamuulize mwenzake ni nani. Jibu lake lilikuwa lile lile, kwamba dhambi yake ataisema, ya mwenzake huyo mwenzake ana mdomo.

Mwezi uliopita ikafika Jumapili yake ya kurudi kundini. Akasimama mbele ya madhabahu peke yake, mtoto kaachiwa shangazi nje. Mzee Nikodemo, mzee wetu wa kanisa, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayenadi ng'ombe kama mimba aliletewa na upepo. Watu wakacheka, kaka. Kanisani. Halafu mwanamke mmoja wa benchi la nyuma yetu akanong'ona kwamba mwalimu wa kwaya, kabla hajaenda chuoni, kuna wanafunzi alikuwa akiwafundisha mpaka giza. Mama akasikia. Nikaona shingo yake inageuka polepole, kama mtu anayetaka kuuliza na anaogopa kujibiwa.

Hapo nikasimama. Nikasema, "Ni mimi."

Ukifika hapa najua umepumua. Usipumue bado.

Hakuna aliyeshangaa. Hilo liliniuma kuliko vicheko. Walitikisa vichwa tu, kama vile walishajua siku nyingi wakawa wananisubiri. Nikaenda mbele, nikapiga magoti kando ya Yudith, Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, nikasamehewa dhambi ambayo hata utamu wake sikuuonja. Kazi yangu katika dhambi hiyo wewe unaijua: kukupeleka Kwai kwa pikipiki na kukusubiri chini ya mikaratusi mpaka mbu wanichoke.

Nilitoka pale kifua mbele. Nimemwokoa mama, nimeokoa uinjilisti wako, nimemfunika mtoto wa watu. Nilitegemea Yudith atanishukuru hata kwa macho. Akanifuata kwenye pikipiki, mtoto mgongoni, akaniambia taratibu, "Nilikuja kuiacha dhambi moja pale mbele. Wewe umenirudisha nyumbani na nyingine." Maana yeye naye alinyamaza nilipodanganya, na sasa ukimya huo analala nao. Niliwasha pikipiki, ikazima.

Tangu siku hiyo mama anasali kwa mafungu mawili. Anamshukuru Mungu kwa ajili ya Justin, kisha anamlilia Mungu kwa ajili ya Elinuru. Mimi nasikiliza yote mawili nikiwa na bakuli la uji mbele. Zamu yangu ikifika nataja kosa dogo, kama kuku wale wale, na lile kubwa naliruka. Uji unapoa.

Hata hayo ningeyavumilia. Ila Alhamisi iliyopita, kaka! Mama alikuwa amekupa habari zangu, nawe ukafundisha toba ya kila siku, kwamba Mkristo asilale na dhambi kama asivyolala na kaa la moto. Kisha ukaomba watu wote wanaokusikiliza wamkumbuke mdogo wako aliyeanguka. Ukanitaja jina. Ukalia. Ulilia vizuri, siwezi kukunyima sifa yako. Mama akalia, jirani aliyekuja kuomba moto akalia. Mimi nilibaki naitazama ile simu, najiuliza mtu anawezaje kutubu kila asubuhi na asiifikie dhambi yake hata siku moja.

Na mimi nitaje la kwangu, maana nikikusema wewe tu nitakuwa nimeanza uinjilisti. Sikusimama kanisani kwa huruma tupu. Niliposema ni mimi, nilihisi nimekushika shingo. Nilitaka uishi ukiniogopa, na siku umevaa joho ukiniona benchi la nyuma maneno yakupotee. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na hakuna aliyeniwekea mkono kwa ajili yake.

Jumapili hii mtoto anabatizwa. Mahali pa baba wameniandika mimi. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri zamu yangu ikifika nitamwambia mama kwamba nilidanganya mbele ya madhabahu. Jina lako sitalitaja, mdomo unao. Lakini mama si mjinga. Atataka kujua nilikuwa namfunika nani, na safari hii shingo yake itageuka mpaka mwisho.

Kama kawaida, wewe ndiye utakayeanza, sisi tutafuata.

Mama anakusalimia sana, hajui kama nimeandika. Ndama naye anakusalimia. Mtoto hajapata jina bado, ila ana masikio yako, maskini, makubwa vile vile. Baki salama, kaka.

Jumamosi simu itakuwa mezani, juu ya Biblia, sauti mpaka mwisho.

Mimi mdogo wako,
Elinuru