Watu wote waliona

Laurentine, ni mimi Mackline. Natumia simu ya Thembo, mtoto wa marehemu mjomba. Usijibu hapa, soma tu.

Mjomba Danieri wamemzika jana. Jana! Redio ilisema Jumamosi. Leo si Jumamosi? Mama na mimi tumeshuka kutoka Mahango na unga wa muhogo kichwani, wa kupikia waombolezaji.

Tumefika Bwera kwa mjomba, watu wanakunja turubai. Mama akadhani ndiyo kwanza wanalisimamisha. Akauliza, "Kaka yangu mmemlaza wapi nimuone?"

Thembo akasema, "Shangazi, siku ilibadilika. Tuliandika ku grupu ya WhatsApp ya ukoo. Watu wote waliona."

"Watu wote?"

"Watu wote, shangazi."

Watu wote, Laurentine. Mama akatoa kasimu kake ka tochi, akakaangalia, akakafunga tena kwenye kitambaa. Hakulia. Ndiye dada pekee wa mjomba aliyekuwa amebaki.

Wakamkalisha, Thembo akamwonyesha video ya mazishi kwenye simu hii. Akaitazama unga ukiwa bado mapajani. Mke wa Thembo akasema, "Haya, si na wewe umezika sasa?" Hakuna aliyecheka.

Walipoanza kutupa udongo, mama akamshika Thembo mkono.

"Rudisha nyuma, mwanangu. Pale hawajamfunika."

Akarudisha. Udongo ukaanza. "Rudisha." Mara nne, nilihesabu.

Mimi nimesimama tu hapa.

Naacha kuandika. Mama amenyoosha mkono, anataka simu.