Bunduki ya Kutishia Viboko

Kondele, Kisumu

Mama mpenzi,

Kabla ya salamu, pumua: Mwadime hatanyongwa. Sasa nakusalimu, wewe na Baba anayekusomea, na namwomba asiruke maneno kama kawaida yake. Goti lako linasemaje? Mimi na cherehani yangu hatujambo, sare za shule zimenijaa mpaka kitandani.

Kesi iliisha jana. Unajua kaka alishtakiwa mambo mawili: wizi wa mabavu katika duka la Mhindi mmoja mjini, ambao hukumu yake ni kitanzi, na kupatikana na bunduki bila kibali. Hilo la pili, Mama, ni kweli tupu. Viboko walikuwa wakitoka ziwani na kumaliza mahindi yake kule Dunga, naye kwa ujuaji wake akaunda bunduki ya bomba la maji ili awatishe. Viboko hawakutishika. Polisi ndio waliotishika.

Mwenye duka alimtazama Mwadime kwa muda mrefu, akasema, "Mimi naogopa Mungu. Ile watu ilinivamia, hii kijana hapana kuwa." Hakimu akaandika weee, kisha akasema katika shtaka la kwanza hana hatia. Nikapiga vigelegele! Korti nzima ikageuka. Jirani yangu Mama Akinyi akanivuta leso: "Wewe ngoja kwanza, ile ingine bado!"

La pili likamshika. Hakimu akamuuliza kama ana neno kabla ya kufungwa. Wenzake wa rumande walimfundisha aseme ameiokota, lakini unamjua mwanao. "Mheshimiwa, ni yangu, nilitengeneza mwenyewe, na hata haipigi vizuri." Watu wakacheka, nami nikatamani kumzaba kofi. Hakimu hakucheka. Alisema silaha inayotisha kiboko leo itaua mtu kesho, ila kwa kuwa amesema kweli na hajawahi kufungwa, atamhurumia. Miaka mitatu.

Mama, nilimshukuru Mungu kwa miaka mitatu ya jela. Niliona aibu kidogo, lakini nilifurahi. Leo nimekula samaki mzima na ugali. Tangu akamatwe sikuwa nimemaliza sahani.

Msalimie mjomba mwashi, na shangazi wa kwaya, mwambie maombi yake yamefika. Mdogo wangu aache kuwaambia watu kwamba kaka yuko Uganda. Aseme yuko jela na atarudi.

Neno la Mwadime nimeliweka mwisho ili Baba alisome polepole. Huko rumande ameishi na watu waliokwenda kortini wakarudi wamehukumiwa kunyongwa. Alipokuwa akipanda lori la magereza na pingu zake, niliruhusiwa kumsogelea. Hakulia. Alisema, "Mwambie Mama mimi nina siku ya kutoka."

Ni mimi binti yako,
Wakesho