Hatua Tatu Nilizozikata

Jumamosi, Tororo. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, na sasa, saa kumi jioni, jua linawaka kana kwamba halikuona kitu. Mwamba wetu ulioinukia juu ya mji umeoshwa ukaoshwa tena, unang'aa. Mimi nimeoga mara mbili na bado najisikia mchafu.

Simu inalia tangu mchana kwa pongezi. Cheti nilichopewa leo na jeshi kipo mezani ndani ya fremu, kimeandikwa Mwalimu Athieno kwa wino wa dhahabu. Nimekilaza kifudifudi. Ngoja niandike ilivyokuwa, maana nikinyamaza nitaanza kuamini hizo pongezi.

Ukoo wetu wa Iyolwa una ngoma ya mikuki. Huchezwa siku ya kumzika mzee. Wanaume hushika mikuki na ngao, wakayakimbiza mauti mpaka nje ya boma. Lakini kabla ya kila shambulio hurudi nyuma hatua tatu, wameinama, mkono wa kushoto ukigusa ardhi. Wanarudi kuwaokota walioanguka. Baba ndiye aliyenifundisha, mimi mwanamke, baada ya kaka zangu kuona ngoma ni ushamba wakaenda zao Kampala. Watu wa ukoo walimsema mpaka wakachoka. Yeye aliniwekea sharti moja: nisikate kule kurudi.

Sharti moja tu.

Miezi miwili iliyopita afisa mmoja wa kambi ya jeshi aliniita. Alikuwa na video kwenye simu: wanajeshi wa Armenia wamefundishwa ngoma za vita za mababu zao, safu mbili zinakabiliana, wanagonganisha viganja paa! hadi unahisi mikono yako inawasha. Alitaka kitu kama hicho, cha kwetu, kwa siku ya kuwapokea wageni kutoka ng'ambo ya mpaka. Nilifurahi nusura nilie. Miaka yote nafundisha ngoma shuleni, watoto wanacheza wakitafuna chingamu, na walimu wenzangu wa hesabu wananiita Bi Kiuno. Na sasa napewa uwanja mzima wa wanaume wanaosikia neno mara ya kwanza!

Mwanzoni walikuwa wakavu. Ukiwaambia wainame wanapiga saluti. Wa kwanza kuipata alikuwa Koplo Wandera, Msamia wa Busia, mpole, mwenye magoti yanayojua ngoma. Wengine wakamwangalia yeye, wakalegea. Nikasema moyoni, baba, njoo uone.

Wiki iliyopita afisa alikuja kukagua. Akatazama mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Mwalimu, hii jeshi hairudi nyuma. Wageni wataona kama tunakimbia. Toa hiyo."

Nilimwomba afungue video yake. Nikamwonyesha: hata hao Waarmenia wanarudi kwanza ndipo wanakuja kugonga viganja. Akacheka. "Hao ni hao."

Nikasema, "Sawa, afande."

Natamani kuandika kwamba nilibishana. Sikubishana. Nilikubali haraka kuliko alivyotarajia, maana nilitaka siku moja mtu mwenye nyota mabegani aseme kazi yangu ni kazi. Hiyo ndiyo bei yangu, na ni rahisi kuliko nilivyodhani.

Wandera alinifuata pembeni ya uwanja. "Madam, hiyo ya kurudi acha tu ikae. Ndugu yangu alikufa mbali, hata mwili hatukupata. Hapo ndiyo mimi namwokota."

Nikamwambia amri ni amri. Mimi, raia, namwambia mwanajeshi amri ni amri! Alinitazama kidogo, akarudi kwenye safu.

Na baba nilimwalika mimi mwenyewe kwenye sherehe ya leo. Nilijidanganya kwamba macho yake yamekwisha, hataona. Huyu ni mzee anayegombana na kila kitu, redio ikiwemo, lakini leo aliamka mapema, akavaa koti lake la harusi, akakaa mstari wa pili bila kumkosoa mtu. Ngoma ilipolia mguu wake ulianza kupiga chini. Safu ikasonga mbele. Ikasonga tena mbele. Na tena. Wageni wakashangilia.

Mguu wa baba ukasimama.

Katikati ya safu nilimwona Wandera anainama, mkono wa kushoto unatafuta ardhi, kisha akashtuka akauvuta. Afisa alimkunjia uso. Katika uwanja ule wote Wandera peke yake ndiye aliyekuwa anacheza ngoma yetu, na mimi mwalimu wake nilimtazama nikaona haya.

Nilimrudisha baba nyumbani. Tulipofika alivua koti, akalikunja polepole, akasema kwa Kidhopadhola, lugha yetu, bila hasira: "Siku yangu ikifika, msinichezee. Mtaniacha nilikoangukia."

Afadhali angenipiga.

Nilipokuwa bado nimesimama pale mlangoni, ujumbe wa afisa ukaingia. Kuna sherehe nyingine, anataka ngoma, "hivyo hivyo kama leo." Nimemjibu: ngoma nzima, au hakuna ngoma. Nimeutuma kabla woga haujanikuta. Hajajibu, na sitarajii atajibu. Najua pia ujasiri huu ulitakiwa wiki iliyopita, na maji yakimwagika hayazoleki.

Baba yuko barazani, amenipa mgongo. Chai yake imepoa.

Asubuhi, kabla ya kanisa, nitautoa mkuki wake nyuma ya kabati. Nitasimama uani mbele yake, nirudi nyuma hatua tatu, niguse ardhi. Akigeuza uso, nitazunguka upande alikogeukia nianze tena. Sijui atanitazama mara ya ngapi. Sijui kama atanitazama.