Jina ndani ya wimbo wa Bertille

Elodie, uko? Usinipigie, soma tu.

Tuko studio, tunarekodi ule wimbo wa Bertille kwa albamu mupya, ile bluzi ya huzuni anaimbia kijiji chao kilichochomwa kule njia ya Nyunzu. Ule uliliza watu turne yote, kila muji tulipopiga.

Akaingia papa mumoja, muzee tusiyemujua, amevaa shemizi safi, sauti ya pole. Akasema aliusikia tulipopiga kule Moba, anaomba tumutupie jina ndani, tumutaje katika wimbo, sawa vile wanamuziki wote wanatupia wakubwa majina.

Unamujua Joël na gita yake. Akashika mikro, akaita lile jina katikati ya solo. Tukacheka wote. Na mimi nilicheka, Elodie.

Bertille hakucheka. Alivua kaske ya masikio, akaiweka chini pole pole.

Nikamuuliza yule papa, mbona jina lako ndani ya wimbo wa kilio?

Akaniambia: "Kwa sababu nilikuwepo."

Nilikuwepo. Alisema vile, kama muntu anayeongea habari ya ndoa.

Joël akazima mashine. Papa akamugeukia Bertille, akamuangalia sana. "Mama, wewe ni mutoto wa nani kule?"

Bertille akarudi nyuma mupaka ukutani.

Papa akasema, kwa ile sauti yake ya pole: "Nilizani kule hakukubaki muntu."

Nakuandikia nimejificha nyuma ya ngoma. Yule papa ameketi mulangoni, na mulango ni ule mumoja tu. Anasema hana haraka. Anasema Bertille akimaliza kuimba, yeye mwenyewe atamusindikiza nyumbani.