Aliyeimba Akitupa Mgongo

Ni mwaka mmoja sasa tangu majokofu ya karakana yetu yaanze kuunguruma kutwa nzima, kwa kuwa hayupo tena wa kuchungulia mlangoni na kusema, "Kaka, nizimie mashine zako, kuna mtu anataka kuimba."

Mama ameagiza niandike mimi kwa niaba ya wote, mdogo wangu. Anasema ndimi niliyeishi nawe ukuta kwa ukuta. Mimi ni fundi wa majokofu, maneno si kazi yangu. Nitayapanga kama ninavyopanga nati juu ya gazeti ninapofungua mashine, isije ikapotea hata moja.

Ulianza na gitaa lililopasuka tumbo, ukaliziba kwa gundi ya mbao. Vijana wenzako walipokuwa wakijifunza nyimbo za kuchezewa harusini, wewe na rafiki yako mpiga ngoma mlimchukua mpiga besi mmoja mkaanzisha bendi ya roki, bila kampuni wala meneja. Mlijirekodi chumbani, mkanakili kaseti wenyewe, mkazigawa kwa mkono. Sauti yako ilikuwa nyembamba, ya mtu anayeongea na nafsi yake, huku gitaa likivuma kama mvua juu ya bati. Sikuuelewa muziki ule. Waliouelewa walikuja kila mlipopiga, wakasimama kimya mikono mifukoni, na nadhani walijuana wote.

Shida yako ilikuwa moja. Hukuweza kuimba ukiziona nyuso za watu. Uligeukia ngoma tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ndipo wakakupachika jina la Mgongo. Kuna siku mmoja alipaza sauti kutoka nyuma ya ukumbi, "Mgongo, siku ukigeuka utuambie mapema, tuje na kamera!" Watu walicheka, nawe ulicheka. Tuliyaona mabega yakitikisika.

Nilipokuuliza, ulisema mtu mmoja hatishi, wanaotisha ni wengi. Kwa hiyo onyesho lililofuata nilikuja na ovaroli yangu ya kazi, nikasimama mbele kabisa. Ukageuka, ukaimba wimbo mmoja mzima ukinitazama mimi. Wa pili ukarudi kwenye ngoma zako. Mpiga ngoma husema hadi leo kwamba huo ndio wimbo wako pekee ambao yeye aliwahi kuyasikia maneno yake, ingawa ndio pekee uliompa yeye mgongo.

Bendi haikuvunjwa na ugomvi. Mpiga besi alipata kazi mbali, mpiga ngoma akapata mtoto. Hukumlaumu yeyote. Ulikuja ukaniomba stoo ya nyuma nilikotupa majokofu yaliyokufa. Tuliyatoa, tukagongomea magodoro makuukuu ukutani, na mlangoni nikakufungia ule mlango mnene wa chumba cha baridi uliotoka kwenye bucha iliyofungwa. Ukiufunga, hata honi ya lori haiingii. Hivyo ndivyo ulivyokuwa prodyuza. Tangu hapo jina lako likawa likiandikwa kwa herufi ndogo, nyuma ya albamu za wengine, na ulisema hapo ndipo mahali pake.

Waimbaji waliokuja walitarajia mitambo mikubwa. Walikuta kiti cha plastiki kimewekwa kuelekea maikrofoni, na juu ya kiti nimekaa mimi. Ilikuwa sheria yako kwamba chumbani mwako hakuna atakayeimbia ukuta. Ulikwisha kuuimbia vya kutosha, ulisema, nao haujawahi kukujibu. Kazi yangu ilikuwa kukaa, mikono magotini, nikimtazama anayeimba. Nisitikise kichwa. Nisitabasamu, ila tabasamu likija lenyewe.

"Usimsifu, Kaka," uliniambia. "Mpokee tu."

Mmoja, aliyekuja na miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha la nje, alikuuliza kama mimi ndiye mwenye nyumba.

"Ni fundi friji," ulimjibu. "Mwambie wimbo wako. Akiuelewa yeye, umeimba."

Aliivua miwani. Wengi waliimba wakinilalamikia mimi kuhusu wapenzi waliowaacha, nami nina grisi hadi kwenye viwiko, sijui nitazame wapi. Niliwatazama, kwa sababu ulikuwa nyuma ya kioo, kwenye mashine zako za kurekodia, na ulitaka hivyo.

Hukuwahi kumwambia mtu kuwa ameimba vibaya. Ulimwambia amechoka, mle kwanza. Nyaya ulizikunja mwenyewe, kila mmoja duara sawa na mwenzake, na aliyetaka kukusaidia ulimpokonya kwa upole. Chai yako ilipoa kila siku. Binti yako alipokuja likizo alidai kulala studio, akisema hakuna mahali duniani penye kimya kama kile, nawe ulimtandikia kwenye benchi ukalala chini. Mama ulimpigia simu kila ulipofunga kazi, ukamwacha aongee, wewe ukiitikia "mh" tu. Sasa muda ule ukifika huongea peke yake jikoni. Anasema maneno ni yaleyale, kinachokosekana ni hiyo "mh".

Ulijilaza mchana kwenye lile benchi ili kifua kilichokuwa kikikusumbua kipumzike, na hukuamka. Ulikuwa ukirekodi albamu ya yule mwalimu wa chekechea, mwenye sauti ya chini kuliko wote uliowahi kuwaleta. Ulibaki wimbo mmoja.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Lako lilikuwepo, nalo lilikuwa wimbo huo.

Mwalimu alikuja tulipokwisha kuondoa matanga. Mpiga ngoma, uliyekuwa umemfundisha mashine zako, alikuwa tayari kukaa nyuma ya kioo. Kilichotakiwa ni mimi nikae kwenye kiti. Nilimwambia nina kazi nyingi. Akaja tena, nikasema kiti kimevunjika mguu. Hakikuwa kimevunjika. Sikuwa na hasira naye. Ila niliona kwamba maadamu ule wimbo haujaimbwa, kazi yako haijaisha, na mtu aliyeacha kazi katikati bado yuko njiani. Kila niliposikia lori likisimama nje niliinua kichwa, kana kwamba utashuka wewe.

Akaenda studio nyingine, nzuri, ya watu wenye uwezo. Aliporudi alisema kila kitu kule kilikuwa sawa, ila alipoimba alijisikia mwenyewe tu. Sikumlaumu prodyuza wa kule. Kila fundi na bisibisi yake. Mwalimu alisema basi, albamu itoke bila wimbo ule, au isitoke kabisa. Aliongea taratibu, kama anayempa mtoto pole.

Ni Mama aliyekuja karakanani, akaketi juu ya jokofu lililolazwa.

"Huo wimbo unamngoja nani?"

"Hakuna anayengojwa, Mama."

"Unamngoja mdogo wako," alisema. "Mimi niliyemzaa nimeacha kumngoja. Mfungulie binti wa watu aimbe."

Alhamisi iliyopita nilizima majokofu, moja baada ya jingine, bila kuambiwa na mtu. Nikaufunga ule mlango. Nikakaa, mikono magotini. Nyuma ya kioo alikuwepo mpiga ngoma, mnene kuliko wewe, na kwa kweli nilishindwa kutazama upande ule. Nikamtazama mwalimu.

Ni wimbo kuhusu nyumba aliyohama akiwa mdogo, jinsi alivyoendelea kukumbuka mahali pa swichi za taa. Aliimba mara moja. Hakufumba macho. Alipomaliza, mpiga ngoma akaniuliza, "Vipi, Kaka?" Swali hilo kila mara lilikuwa lako kulijibu. Sikuwahi kuulizwa, na muziki siujui hadi leo. Nikasema mwanamke huyu alikuwa akiongea na mimi, na nimemsikia.

Wakaandika kwamba wimbo umekwisha.

Mwalimu alisindikizwa hadi getini. Mpiga ngoma alikunja nyaya, maduara yake hayakulingana, na nikamwacha. Nilibaki kwenye kiti, mdogo wangu, nikatafuta chumbani mle kitu chako chochote ambacho bado ni nusu. Sikukiona. Wengine walikuzika mwaka jana. Mimi nimekuzika Alhamisi.

Wanaokukumbuka: Mama, binti yako, na mama yake, ambaye ameomba atajwe, nasi tumefurahi; shemeji yako, yaani mke wangu, aliyekuwa akikutunzia chakula hata uliposema umeshiba, mpiga ngoma, ambaye si wa damu yetu ila hatujui pengine pa kumweka, mwalimu wa chekechea, na mimi kaka yako.

Lori likisimama nje siinui tena kichwa. Kukukumbuka hatutaacha, daima.